Jiwe Nililolinunua Chunya



Juu ya kabati langu la vitabu, baina ya vitabu vya fiqhi na saa ya mezani isiyokwenda, palikuwapo jiwe. Ukubwa wake ulikuwa kiasi cha ngumi mbili. Chini lilikuwa jeusi na kavu kama mwamba wowote, na juu limeota vijiti vya kioo kumi na zaidi, kila kimoja kina pande sita na ncha iliyochongoka, vyeupe vya kupenya nuru. Na katikati ya vijiti hivyo pameganda vipande vidogo vya rangi ya dhahabu, vya mraba kama dadu. Kila mgeni aliyeingia barazani akilitazama jiwe kabla hajanitazama mimi. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nikifurahi.

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha mjukuu wangu wa miaka tisa alilishika akaniuliza, "Babu, jiwe hili uliliokota au ulilinunua?" Nikamwambia nililinunua. "Kwa kiasi gani?" Nikamwambia elfu mbili. Mtoto akacheka, akasema, "Babu, elfu mbili si bei ya chipsi tu?" Akalirudisha mahali pake akaenda kulala. Mimi sikulala. Na haya nikuandikiayo, ewe msomaji, yalianza usiku ule, kwani nilikuwa nimesomesha mlango wa biashara kwa zaidi ya miaka thalathini, na sikuwa nimejiuliza hata mara moja kama biashara yangu mwenyewe ya jiwe lile ilikuwa njema.

Nianze ilivyokuwa. Mwaka 2022 nilitoka Tanga kwenda Mbeya kumtazama binti yangu, ambaye mumewe ni mwalimu wa shule huko. Mimi ni mtu wa pwani, mlima niliujua kwa Usambara ninayoiona kwa mbali. Safari ile ni ndefu: Chalinze, Morogoro, mbuga ya Mikumi, bonde la Ruaha lenye mibuyu, kisha gari likapanda Kitonga kwa mwendo wa kobe mpaka Iringa, baridi ikatuingia. Nikalala Iringa kwa mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi anauza nguo pale sokoni. Asubuhi akanichukua mpaka Isimila, kiasi cha maili kumi na mbili hivi kwa njia ya Mbeya.

Isimila ni korongo lililokauka, lenye nguzo za udongo zilizosimama kama minara. Chini yake yametapakaa mawe yaliyochongwa na mikono ya watu wa kale sana, mashoka ya mkono na vikwanguo, ambayo wataalamu waliyajua mwaka 1951 na kuyafukua mwaka 1957 na 1958. Na wao hukisia umri wake kuwa miaka laki mbili na zaidi. Yapo pale pale chini, mtu akiinama analiokota moja. Nami niliinama. Mlinzi wa mahali akaniambia kwa adabu, "Shehe, hapa tunatazama kwa macho." Nikalirudisha. Mwenyeji wangu akaona haya kwa ajili yangu, nami nikajitetea kwamba sikuwa na nia ya kulichukua. Nia nilikuwa nayo.

Nimekutajia hili kwa sababu wiki mbili baadaye, Chunya, hapakuwa na mlinzi.

Mkwe wangu alikuwa na rafiki anayesomesha jiografia, naye akaona kwamba mzee wa pwani asirudi bila kuona nchi. Siku ya kwanza tukaenda Mbozi kukitazama kimondo, kile chuma kilichoanguka kutoka mbinguni, kirefu kiasi cha mita tatu, uzito wake hukisiwa baina ya tani 12 na 16. Karibu sehemu tisa katika kumi ni chuma na iliyobaki nyingi ni nikeli. (Wako wahubiri wetu ambao wakisikia habari hii hukimbilia Sura ya Hadidi na kumaliza waadhi hapo hapo. Mimi napenda mtu akitazame kwanza.) Ukizunguka utaona ukingoni pamekatwa kwa msumeno: kipande kilichukuliwa na mtaalamu wa serikali ya Kiingereza mwaka 1930, mwaka ule ule habari zake zilipowafikia Wazungu, na yasemekana ilimchukua saa kumi kukata unene wa sentimita kumi. Nikamwuliza yule mwalimu, kipande kilikwenda wapi? Akasema, "Kwa wanaokusanya, Shehe. Mawe kama haya yana wenyewe duniani."

Siku ya pili tukapanda safu ya milima ya Mbeya, tukashuka upande wa pili mpaka Chunya. Nchi ile ya Lupa dhahabu yake ilijulikana mwaka 1922, na katika miaka ya 1930, kazi zilipopotea duniani na bei ya dhahabu kupanda, wakamiminika wachimbaji, Wazungu mamia na wafanyakazi wa Kiafrika kwa maelfu, wakichekecha mchanga wa mito na kuifuata mikanda ya mawe meupe ndani ya mwamba. Mgodi wa Saza ulifanya kazi tangu 1939 mpaka 1956 kisha ukafungwa. (Mbozi na Saza siku hizi zimo katika Mkoa wa Songwe, uliokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016.) Tangu 2012 uko mgodi mkubwa wa kisasa upande wa Luika. Lakini baina ya mashimo ya kale na mgodi wa kisasa wapo wachimbaji wadogo, kila kundi na duara lake, kwa moko na nyundo, kamba na matimba. Jiwe likitoka huvunjwa vipande, likapelekwa kwenye karasha likasagwa, unga ukaoshwa, dhahabu ikakamatwa kwa zebaki, kisha zebaki ikachomwa, na moshi wake, Mungu awahifadhi, wakauvuta wote mpaka watoto waliosimama kando.

Pale kwenye duara moja alikaa kijana, nadhani miaka ishirini au pungufu, kazi yake kuvunja mawe kabla ya kupelekwa kwenye karasha. Kando ya mguu wake lilikuwapo lile jiwe. Alikuwa amelitenga kwa sababu, alivyosema mwenyewe, "limekaa kama ua." Nikamwuliza bei. Akafikiri akasema elfu tano. Nami nikasema maneno ambayo hata leo nayasikia sikioni kwa sauti yangu mwenyewe: "Hili ni jiwe tu, mwanangu. Halina dhahabu." Nikampa elfu mbili. Akazipokea kwa mikono miwili, akanifutia jiwe kwa fulana yake.

Sasa, ndugu msomaji, nistahamili kidogo nikueleze kilichokuwa mkononi mwangu, kwani mtu hawezi kuhukumu biashara ya kitu asichokijua.

Vile vijiti vya kioo ndivyo kwatzi, na jina lake la kale katika lugha yetu ni bilauri. Wewe waita bilauri gilasi ya kunywea maji, lakini neno lile kwa Kiarabu kwanza ni jiwe hili. Miamba ya Lupa ina umri unaokaribia miaka bilioni mbili. Katika nyufa zake yalipita maji ya moto sana kutoka chini, yamebeba mchanga ulioyeyuka na madini mengine, na yalipopoa yakaacha mzigo wake. Ufa ukijaa wote, lapatikana jiwe jeupe lisilo na umbo, ambalo ndilo wachimbaji wanalolifuata kwa ajili ya dhahabu. Bali panapobaki uwazi, tundu ndani ya mwamba, hapo bilauri hupata nafasi ya kukua kwa umbo lake, pande sita, wala haikosei. Mwaka 1669 mtu mmoja wa Denmark jina lake Steno alionyesha kwamba bilauri iwe nene au nyembamba, imetoka nchi hii au ile, pembe baina ya nyuso zake ni zile zile. Upande na upande wa kijiti ni digrii 120 siku zote. Na vile vidadu vya njano ni piraiti, chuma na kiberiti vilivyoungana, si dhahabu ingawa humhadaa mgeni. Katika Sura ya Fatir, Mola ametaja milima na mistari yake myeupe, myekundu na myeusi, na aya inayofuata ndipo alipotaja kwamba wenye elimu ndio wanaomcha. Nimezisomesha aya mbili zile mara nyingi bila ya kuuliza zina uhusiano gani. Nilipolitazama jiwe lile nuru ya asubuhi ikilipiga, niliuona.

Wala sisi watu wa pwani si wageni wa jiwe hili. Abu Rayhani al-Biruni, mwanachuoni mkubwa wa karne ya tano ya Hijra, aliandika kitabu kizima juu ya mawe ya thamani, na humo ametaja kwamba bilauri ililetwa Basra kutoka visiwa vya Zanji, nayo ilisifiwa. Huko mafundi wakaichonga vyombo. Maana yake ilipita katika bahari yetu, na huenda katika mikono ya mababu zetu. Kila niliposoma sifa za vyombo vile, nilikuta fundi akisifiwa na mfalme akitajwa. Aliyeitoa ardhini sikumwona.

Liko jambo moja nilipite upesi. Wapo siku hizi wanaoyauza mawe haya kwa kudai yanavuta riziki, yanaondoa husuda, yanatuliza moyo. Sayyidna Umar (R.A.) alisimama mbele ya Hajarul-Aswad, jiwe tukufu kuliko yote, akaliambia kwamba ajua kuwa ni jiwe lisilodhuru wala kunufaisha, na kwamba analibusu kwa sababu tu amemwona Mtume (S.A.W.) akilibusu. Ikiwa ndivyo lile, basi kwatzi la Chunya litakuwaje? Yatosha hayo.

Narudi kwenye usiku ule wa mjukuu wangu. Asubuhi yake nikalipiga picha jiwe kwa simu, nikampelekea mwanafunzi wangu mmoja aliyeko Dar es Salaam, ambaye ana leseni ya biashara ya vito. Haikupita saa moja akapiga. "Maalim, tafadhali usilisugue wala usilioshe kwa kitu chochote! Umelipata duara gani? Uliandika?" Nikamwuliza kwa nini jina la duara lina maana. Ndipo aliponifundisha yale ambayo sikuyajua. Wapo watu Ulaya, Marekani, na sasa China, ambao hukusanya mawe si kwa kuyakata yawe pete, bali kwa kuyaweka kama yalivyotoka, na mwamba wake chini yake, bila ya ncha kuvunjika. Na kila jiwe lina kikaratasi: jina la madini, jina la mgodi, wilaya, mwaka, na nani alikuwa nalo kabla. Jiwe lisilo na kikaratasi, hata likiwa zuri, ni kama mtoto asiyejulikana kwao. Tena mgodi ukiwa wa zamani, umefungwa au umefurika maji, bei hupanda, kwa kuwa hakuna jingine litakalotoka. Nikamwuliza langu lingepata nini. Akasema akilipeleka kwa njia ya halali, na kodi zake, mtu angeweza kutoa laki mbili, pengine na zaidi.

Laki mbili kwa elfu mbili. Mara mia.

Nikafungua vitabu. Nitakusimulia nilivyokwenda, hatua kwa hatua, kwani mwanafunzi wa fiqhi anapotafuta hukumu ya kosa lake mwenyewe, mkono wake hufungua kwanza ukurasa unaomtetea.

Ukurasa wa kwanza ulinitetea. Katika madhehebu yetu ya Kishafii, kupunjika katika bei peke yake hakumpi mtu haki ya kuvunja biashara. Maulamaa wamepiga mfano mashuhuri: mtu akinunua kigae cha kioo kwa bei kubwa akidhani ni johari, biashara imesihi, wala hana hiyari, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuuliza. Nikafurahi. Ikiwa aliyenunua kioo kwa bei ya johari hana la kusema, basi aliyeuza johari kwa bei ya kioo naye ni vivyo hivyo.

Furaha ile haikudumu. Nikakumbuka katazo la Mtume (S.A.W.) la watu kutoka mjini kwenda kuupokea msafara njiani, wakanunua bidhaa kabla wenyewe hawajafika sokoni wakajua bei. Hapo biashara inasihi, lakini mwenye mali akifika sokoni akaona amepunjwa, ana hiyari ya kuivunja. Tazama tofauti yake, ewe msomaji, kwani hapa ndipo palipo na kiini cha jambo. Yule wa kioo na johari alisimama sokoni, kushoto kwake duka na kulia kwake duka, ulimi anao, akaacha kuuliza. Wa msafara hakuwa na wa kumwuliza ila yule yule anayetaka kununua. Ujinga wa kwanza ni uvivu. Ujinga wa pili umetegewa.

Nikajiuliza, mimi Chunya nilikuwa wapi? Sokoni, au njiani nikiupokea msafara? Na kila mkusanya mawe anayekwenda mpaka mdomoni mwa duara, akanunua mkononi mwa anayevunja mawe, yeye yuko wapi?

Mwenzangu mmoja, mwalimu wa fiqhi Pangani, nilipomweleza alinipinga kwa nguvu, nami sitaificha hoja yake kwa kuwa ni hoja. Akasema, "Sheikh wangu, kijana yule hakuwa na msafara wala safari ya sokoni. Jiwe lile lilikuwa linangoja nyundo. Kama usingepita wewe, jioni lingekuwa unga. Wewe ndiye uliyelitia thamani, wala hukumpunguzia kitu. Na mtu anayejua thamani ya kitu, elimu yake ni mtaji wake. Je, utamwambia kila mfanyabiashara agawe elimu yake bure?"

Nilikaa na maneno haya siku nyingi. Nayakubali nusu. Ni kweli elimu ni mtaji. Yule mwanafunzi wangu wa Dar amesoma, amelipa leseni, anajua pa kuuza, na akinunua kwa elfu hamsini akauza kwa laki mbili sitamwita dhalimu. Lakini mimi sikuuza elimu. Bei ya jiwe wakati ule sikuijua hata mimi. Nilijua thamani moja tu, kwamba moyo wangu umelitaka kiasi cha kuona wivu kulishika mtu mwingine. Na hiyo ndiyo niliyoificha, niliposema "hili ni jiwe tu". Mwenye elimu anaweza kunyamaza. Mimi sikunyamaza, nilisema, na nilichosema nilikuwa siamini.

Kisha liko la Jarir bin Abdillah al-Bajali (R.A.), ambalo maulamaa hulitaja wanapoeleza maana ya nasaha. Mtu wake alimnunulia farasi kwa dirham mia tatu. Jarir akamwona farasi, akamwambia mwenyewe kwamba huyu ni bora kuliko mia tatu, je utamwuza kwa mia nne? Kisha akampandisha tena na tena, mpaka akamlipa mia nane. Akaulizwa, akajibu kwamba alimpa Mtume ahadi ya kumtakia heri kila Mwislamu. Nilipokuwa kijana madrasa niliisikia habari hii nikaiona ni ya ajabu, ya watu waliopita. Mwalimu wetu akatuambia tuandike pembeni: wajibu ulikuwa mia tatu, mia tano ni Jarir. Wala sijui kama kijana wa Chunya ni Mwislamu. Sikumwuliza jina lake, seuze dini. Wala sidhani kwamba Jarir angetafuta mlango huo wa kutokea.

Halafu kuna swali la jiwe lenyewe kuwa la nani, kabla ya mimi na kijana. Abyadh bin Hammal (R.A.) alimwomba Mtume ampe chumvi ya Maarib, akampa. Alipokwisha kuondoka, mtu mmoja katika waliokuwapo akasema: wajua umempa nini? Umempa kitu mfano wa maji yasiyokatika. Mtume akairejesha. Maana chumvi ile ilikuwa juu ya ardhi, kila mtu anaichota, haikupasa imilikiwe na mmoja. Ama migodi ya Qabaliya, iliyohitaji kuchimbwa, alimpa Bilal bin al-Harith. Kutokana na haya maulamaa wakagawa madini ya dhahiri na madini ya ndani, na wakahitilafiana mengi ambayo ukurasa huu hauyatoshi. Serikali yetu nayo ina neno lake: Sheria ya Madini ya mwaka 2010 na marekebisho yake ya 2017 imeyafanya madini yote kuwa mali ya umma, yamewekwa kwa Rais kwa amana ya wananchi, na anayenunua apaswa awe na leseni. Mimi sikuwa nayo. Nililibeba jiwe katika mkoba wa nguo, chini ya kanzu, kutoka Mbeya mpaka Tanga, na hakuna aliyeniuliza. Hilo pia nalisema.

(Kwa anayetaka kujua habari ya zaka: katika madhehebu yetu madini yanayotolewa zaka ni dhahabu na fedha tu, nayo ni robo ya ushuri, yaani asilimia mbili na nusu, ikitimia nisabu, bila ya kungoja mwaka. Bilauri na yakuti na almasi hazina zaka zenyewe ila zikiwa bidhaa ya biashara.)

Huenda msomaji akasema: Sheikh, unalifanya jambo dogo kuwa kubwa, jiwe moja, kijana mmoja. Mwaka 2020 mchimbaji mdogo wa Mererani, Saniniu Laizer, alitoa tanzanaiti mbili, moja ya kilo 9 na zaidi, nyingine ya kilo 5 na zaidi, serikali ikazinunua kwa shilingi bilioni 7.74. Nchi nzima ikafurahi pamoja naye. Wengi walidhani bahati yake ilikuwa ukubwa wa mawe. Mimi naona iko bahati nyingine: yalipimwa kwenye mizani mbele ya watu, na bei ikatajwa kwa sauti. Tanzanaiti ilijulikana tangu mwaka 1967, na miaka mingi mawe mengi ya Mererani yalitoka mifukoni mwa watu usiku, mpaka ukajengwa ukuta mwaka 2018. Tangu 2019 yako masoko ya madini katika wilaya, na Chunya lipo. Lakini soko lile kijana wangu alilijua kuwa ni la dhahabu. Nani alimwambia kwamba jiwe lililokaa kama ua lina mlango pale?

Basi nikalifunga jiwe katika leso, nikapanda basi tena. Ilikuwa mwaka 2023, baada ya Idi ndogo. Nia yangu ilikuwa ile inayoitwa iqala, wawili kuirudisha biashara nyuma kwa ridhaa, ambayo Mtume ameisifu na kuahidi msamaha kwa anayemkubalia mwenziwe aliyejuta. Lakini iqala huombwa na mwenye kujuta, nami niliyejuta ni mnunuzi niliyefaidika. Sijapata kuiona suala hii kitabuni kwa sura hiyo.

Duara la kwanza lilikuwa limeachwa, limejaa maji. Wakanituma kwa huyu, huyu kwa yule, mpaka siku ya tatu nikamkuta upande wa Itumbi, nyundo ile ile mkononi. Alinitambua kwa kofia. "Shikamoo mzee." Nikamwambia, "Marahaba mwanangu. Nimekuja tuivunje ile biashara."

Akashtuka, akatazama chini. "Mzee, ile hela nilishakula."

Nikaketi juu ya jiwe mbele yake, nikamweleza. Nikamwambia sitaki elfu mbili zangu, hizo ni zake. Nikamwambia bei niliyotajiwa, nikamwandikia jina la yule mwanafunzi wangu wa Dar na nambari yake, na kwamba kwanza alionyeshe kwa wakubwa wa soko pale Chunya ili liandikwe lilikotoka. Alisikiliza bila ya kuniangalia. Kisha akasema, "Mbona siku ile ulisema ni jiwe tu?"

Nikasema, "Nilisema hivyo ili uniachie kwa rahisi."

Akacheka kidogo, cheko la haya, kana kwamba mwenye kosa ni yeye. Akalifungua, akaligeuza huku na huku kwenye jua. Ncha moja ilikuwa imevunjika njiani, nikamwomba radhi kwa hilo pia. Akaniuliza, "Mzee, lile tundu tulilitoa ndoo mbili za namna hii. Yote niliyavunja mwenyewe. Hayo nayo yalikuwa na bei?"

Karasha lilikuwa likiunguruma nyuma yetu, ikambidi anisogelee apate kusikia.

Nikamwambia, "Yalikuwa nayo."

Alilifunga jiwe katika ile leso yangu, akaliweka ndani ya kofia yake kando ya mguu, akarudi kwenye nyundo. Safari hii kila jiwe alilolichukua alilitazama kwanza.